Waya wa Jeshi na Vikombe Vitatu

Kijiwe cha Damalie kipo kando ya barabara ya Tororo, mbele kidogo ya pale malori yanapopanga foleni yakingoja kuvuka kwenda Kenya. Benchi lenyewe ni ubao wa trela uliolazwa juu ya matairi mawili, nao umekaliwa mpaka unang'aa. Damalie huuza kahawa ya tangawizi, na kwa sababu ambazo kila mteja huzieleza kwa namna ya kujitoa yeye, vikombe vyake vimebaki vitatu. Zamani watu wa benchi walikuwa wakipayuka wote kwa mpigo, hata dereva aliyesimama kuuliza njia aliondoka amepotea zaidi. Ndipo Ojiambo, fundi cherehani anayependa mambo yaende kwa utaratibu, akatunga sheria: mwenye kikombe mkononi anasema, asiye nacho anasikiliza. Sheria ikapita bila kupingwa, naye akapewa jina la Spika. Ambalo hakulifikiria ni kwamba watu wangejifunza kunywa polepole namna ile.

Asubuhi hiyo Spika alifika anahema, shati limelowa mgongoni. Vikombe vyote vitatu vilikuwa na wenyewe. Kimoja alikishika Rasto, mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye watu humwita Kilo. Cha pili kilikuwa kwa Osborn, mtu wa kuvusha mizigo kutoka upande wa Kenya, anayeitwa Nairobi kwa kuwa aliwahi kuishi huko miezi michache na mpaka leo hajamaliza kuisimulia. Cha tatu kilikuwa kwa mzee Ikwap, mwenyekiti wa kijiji. Yeye hakuhitaji jina la utani, cheo kilimtosha: Chamani.

Spika alikuwa amemfuata Chamani, na jambo lililomleta lilikuwa waya.

Wiki hiyo jeshi lilikuwa na mazoezi. Lilipiga kambi kilimani, kisha likatandaza waya mweusi kutoka kambini hadi kwenye kizuizi chake barabarani, na waya huo ukaikata njia ya kituo cha afya. Chamani mwenyewe alizunguka na kipaza sauti akitangaza kwamba mtu asiuguse, iwe kwa mkono, kwa mguu au kwa kwato. Mfyatua matofali mmoja alianika shati juu yake na akahojiwa mpaka shati likakauka, likalowa umande na kukauka tena. Sasa Atai, mke wa Spika, mwenye mimba iliyotimia, alikuwa amekaa chini upande wa huku wa waya na mfuko wake wa kwenda kuzalia, paa la kituo cha afya analiona, na anakataa kuruka. Kwao Mella, mjamzito haruki kamba iliyofungiwa mnyama. Mimba yake ya kwanza ilitoka baada ya kuruka kamba ya mbuzi gulioni. Wakati ule Spika alikuja kuisimulia imani hiyo ya wakwe zake hapa hapa benchini, kwa mbwembwe, watu wakacheka na yeye akacheka nao.

Safari hii hakucheka. Atai alimwambia uchungu bado ni mdogo, unakuja na kwenda, aende akamwite mtu mwenye ruhusa auinue ule waya juu, naye apite chini yake. Spika akatoka mbio.

— Chamani, alianza alipofika benchini.

— Kikombe, alisema Damalie, bila hata kuinua macho kutoka kwenye birika.

Watatu wale walimtazama Spika, wakatazama mkono wake mtupu, kisha wakaendelea walipokuwa. Naye akakaa. Angefanya nini, na sheria ni yake? Tena walikuwa wanazungumzia waya ule ule, kwa hiyo aliona mazungumzo yatafika yenyewe kwenye jambo lake. Hilo ndilo alilojiambia.

— Maze, mimi nauliza tu, alisema Nairobi. Jeshi iko na drone, iko na setilaiti. Alafu unaona soja anatembea na waya kwa mgongo kama mtu anauza kamba. Hiyo si ni mambo ya babu yangu?

— Sababu ni network, alisema Kilo. Wewe simu yako saa hii inasema uko wapi?

Nairobi akachungulia simu.

— Inasema karibu Uganda.

— Na yangu inasema karibu Kenya. Na sisi tuko kwa benchi moja. Sasa afande akipigia mukubwa wake pale kilimani, sauti inakwenda Nairobi kwanza, inakunywa chai, inarudi. Adui anasikia mbele ya mukubwa.

— Na airtime inakwisha, alisema Chamani. Jeshi ya Uganda inalipa Kenya pesa ndiyo iseme rudi nyuma.

— Ndiyo maana waya. Waya haina airtime, haina network, haina karibu Kenya. Unazungusha mukono, huku inalia krrr, kule mutu anashika. Hewani hakuna kitu inapita. Hata ukiwa na redio ya namna gani, utadaka nini?

Maelezo hayo yalikuwa na akili, kwa hiyo hayakumridhisha mtu.

— Wacha nikuambie, Kilo, alisema Nairobi. Hiyo ni shaba. Shaba ni pesa. Serikali haiwezi mwaga shaba kwa vichaka bure. Wanawatega. Wanataka kuona nani atakuja kukata, alafu wafuate mpaka kwa mizani yako.

— Nani akate ile? Ile si shaba safi. Ndani kuna uzi ya shaba na uzi ya chuma, wamesokota pamoja ndiyo isikatike mtu akivuta. Ukichoma unapata takataka. Hakuna mutu wa akili anaweza kununua.

Chamani akageuka polepole.

— Kilo. Umejuaje iko nini ndani?

— Nimeona.

— Macho yako inapita kwa plastiki?

— Macho ya kazi, Chamani. Macho ya kazi inaona.

Kilo alipeleka kikombe mdomoni, akakiacha pale kwa muda mrefu kuliko kahawa iliyokuwamo. Spika alinyanyua kidole. Damalie akatikisa kichwa. Si kwamba Damalie ni mkali. Anachopenda ni amani tu, na tangu sheria ilipopita hajavunjiwa kikombe kingine.

Spika akaanza kuvikagua vikombe. Cha Chamani kilikuwa nusu. Cha Nairobi kilikuwa kimejaa kabisa, maana Nairobi alikuwa amejifunza kulowesha midomo tu, kama kuku anywavyo maji. Alijituliza kwa kujikumbusha kwamba Atai alisema mwenyewe uchungu ni mdogo. Akajikumbusha pia kwamba uzazi huchukua muda, kwamba wanawake wanajua, kwamba njia ile haikosi wapita njia. Alikuwa na mambo mengi ya kujikumbusha.

— Hiyo si simu, alisema Nairobi. Sasa nimeelewa. Hiyo ni ya kupima dhahabu.

— Dhahabu gani? aliuliza Kilo.

— Si huko Busia watu wanachimba? Shaba na dhahabu ni ndugu. Ukilaza shaba juu ya ardhi, dhahabu huko chini inajua. Inaanza kupanda. Soja anakaa kwa hiyo simu anaskiza. Akiskia kitu inakwaruza, anaweka alama. Mazoezi ikiisha, wanarudi na jembe.

— Na ile kizuizi ya barabara?

— Ya kuzuia dhahabu isivuke kwenda Kenya.

Chamani alicheka puani. Ni mtu mzito, hupenda kungoja wengine wapotee kwanza ndipo yeye apotee kwa heshima.

— Nyinyi ni watoto. Mimi nimekaa kwa mkutano na hawa watu, nimeambiwa mambo ambayo si ya kusema kila mahali. Radi ya Tororo mnaijua?

— Tunaijua.

— Iko mahali ingine inapiga kama hapa?

— Haiko.

— Sasa hiyo moto yote inakwendaga wapi? Inaingia chini, inapotea, miaka yote. Jeshi imekuja kuikusanya. Wanaweka shaba, radi inashuka pale kilimani, inatembea na waya, inafika kwa kizuizi, wanajaza kwa matanki. Hamjaona ile trela nyeusi haina maandishi?

— Ile ni ya simiti, alisema Kilo.

— Wewe umefungua ukaona simiti?

Kilo akachungulia kikombe chake. Kwa asubuhi hiyo hakutaka kusemwa kwamba amefungua kitu chochote.

— Na ndiyo maana mvua ikianza tu, umeme inapotea kwa nyumba zetu, alimalizia Chamani. Jeshi imeshakunywa yote. Wanauzia Kenya usiku.

— Si ungesema mapema, alisema Nairobi. Bill yangu ya stima ndiyo hiyo iko na harufu ya radi.

Watu wakacheka. Hata Spika alicheka, kwa mdomo tu. Kisha Kilo, aliyekuwa akitafuta namna ya kutoka kwenye habari ya macho yake, akamimina kahawa yote kooni na kumrudishia Damalie kikombe. Damalie akakisuuza, akakijaza, akampa Spika.

Kikombe kilikuwa cha moto. Watu wote wakamgeukia, na palepale Spika akaona aibu. Aliwaona jinsi walivyocheka siku ile ya kamba ya mbuzi, akajiona na yeye anavyoigiza mama mkwe wake akionya kwa kidole. Atawaambiaje sasa kwamba mke wake amekaa njiani kwa ajili ya jambo lile lile, na kwamba yeye mwenyewe, Spika, hakuthubutu kumwambia aruke? Ulimi ukatafuta njia ya pembeni.

— Tuseme, alisema, tuseme kuna mwanamke.

— Wapi?

— Tuseme tu. Ana mimba. Anataka kupita kwenda hospitali, anakuta ile waya. Na kwao mjamzito haruki kamba. Sasa nawauliza, waya ni kamba ama si kamba?

Lilikuwa swali zuri mno. Benchi zima lilisogea. Wiki nzima walikuwa wamezungumza shaba, na hapa pakaletwa kitu kipya.

— Si kamba, alisema Nairobi. Kamba ni katani. Waya ni chuma. Aruke tu, aende.

— Ngoja, alisema Chamani. Kamba ile wanakataza ni ile imefunga mnyama. Mwisho wa kamba lazima kuna ng'ombe ama mbuzi. Sasa mwisho wa waya kuna nani?

— Kuna afande, alisema Nairobi.

— Afande ni mnyama?

— Mimi sijasema. Ni wewe umesema, na umeshika kikombe.

— Nauliza kama amefungwa. Afande ambaye amekaa na simu kwa sikio tangu asubuhi, hawezi kuondoka, hawezi kwenda kujisaidia. Huyo amefungwa ama hajafungwa?

Kilo alinyoosha shingo aseme neno. Damalie akaunyooshea kidole mkono wake mtupu, naye akarudisha shingo.

— Basi ni kamba, alikubali Nairobi. Lakini ni kamba ya simu. Kitu inapita ndani ni maneno. Kwa hivyo mtoto hawezi pata shida, ila akizaliwa ataongea sana. Atakuwa kama sisi.

Hapo ndipo Spika alipoteleza. Alikuwa amekuja kusema sentensi moja: Chamani, twende, mke wangu anangoja. Lakini ubishi ulikuwa umekaa vibaya, na yeye hawezi kuona jambo limekaa vibaya akaliacha. Akanyanyua kikombe.

— Hoja ya utaratibu. Nyote mmepotea. Mwanamke haogopi mnyama na haogopi katani. Anaogopa fundo. Kamba ya ng'ombe ina fundo, ndiyo inakatazwa. Waulizeni wa Mella. Mwanamke akishikwa na uchungu, nyumba yote wanafungua kila kitu. Wanafungua kitambaa ya kichwa, wanafungua gunia ya mtama, wanafungua mpaka kuku imefungwa mguu. Hakuna fundo inabaki. Kwa hivyo msiniulize waya ni nini. Niulizeni kama ina fundo.

Chamani akavua kofia kwa heshima.

— Spika ameongea, alisema Chamani.

— Ameongea, alisema Nairobi. Hiyo nimeipenda.

Spika akanywa funda la kwanza. Tangawizi ilikuwa kali kama anavyoipenda. Aliegemea nyuma, akasikia utamu wa kuwa yeye, mtu anayeweza kutoa jambo kwenye vumbi akaliweka wazi kwa maneno machache. Kwa muda ule, na hili ni kweli hata likiwa baya, alimsahau Atai.

— Na hiyo fundo, waya iko nayo? aliuliza Chamani.

— Iko nayo, alisema Kilo bila kikombe, kisha akakumbuka na kuziba mdomo.

Wakati huo mwanajeshi mmoja alitokea kwenye uchochoro unaotoka upande wa kituo cha afya. Alikuwa mwanamke wa makamo, buti zimejaa vumbi, mgongoni roda iliyoviringishwa waya mweusi, begani simu ya kuzungusha iliyofungwa kwenye mfuko wa turubai. Mfukoni mwa shati lake lilisomeka jina, Joan. Kila mtu akakaa vizuri. Kilo akaikagua mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

— Mko salama, wazee?

— Salama, afande. Karibu.

— Mama, kahawa iko?

— Iko, afande, alisema Damalie. Ila vikombe zimekwisha.

Joan akachomoa kikombe cha bati kwenye mkanda wake, akakinyoosha. Damalie akamimina. Kwa sheria ya benchi, alikuwa amepata haki ya kusema, ingawa hakuna ambaye angemkatalia.

— Waya yangu ilinyamaza asubuhi, alisema. Nimetembea nayo toka kilimani, naifuata kwa mkono.

— Si sisi, walisema wote, na Kilo alitangulia.

— Najua si nyinyi. Mwizi anakata. Hii haikukatwa.

Akanywa kidogo, akapuliza mvuke.

— Pale inapokata njia ya hospitali kuna mahali tumeunga. Tumefunga fundo mbili, tukaviringisha utepe juu. Mtu ametoa utepe. Amefungua fundo moja, amefungua ya pili. Ncha moja ameweka huku, ingine kule, katikati nafasi ya mtu mmoja kupita. Ule utepe hakutupa. Ameukunja akaweka juu ya jiwe.

— Na hakuchukua kitu? aliuliza Kilo. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetukanwa.

— Hata kipande. Miaka yote nafunga hizi fundo, sijaona mtu anafungua kwa vidole. Zinakaza sana. Nikaunga tena, nikajaribu simu, inaongea. Nikaenda hospitali kuuliza.

Kikombe mkononi mwa Spika kilikuwa kimeacha kusogea.

— Kuna mama mmoja ameingia asubuhi, Joan aliendelea. Amefika pekee yake, mfuko kwa kichwa, kucha zimevunjika. Hakuficha. Alimwambia muuguzi, waya ya jeshi nimefungua mimi, niwekeni ndani kwanza, hiyo kesi nitajibu nikitoka. Nimemwambia hakuna kesi. Nilipotoka alikuwa bado hajazaa.

Chamani akakohoa.

— Afande, mimi nilitangaza mtu asiguse.

— Ulitangaza vizuri, mzee. Tulikusikia mpaka kilimani.

Alisema hivyo kwa upole, na Chamani hakujua ayapokee vipi maneno hayo. Joan alimaliza kahawa, akakung'uta kikombe chake, lakini hakuondoka. Aliwatazama mmoja mmoja, bila hasira, kama anavyotazama waya akitafuta mahali palipoachia.

— Muuguzi alimwuliza bwana yake iko wapi. Akasema amekwenda kuita mtu. Sasa mimi nimetoka kule, na watu wa karibu ni nyinyi, hakuna wengine. Ni nani aliitwa?

Nairobi akamtazama Chamani. Chamani akatazama ndani ya kikombe chake, akaanza kufikiri kwa uaminifu kama kuna mtu aliyemwita asubuhi ile, na hakumpata. Kilo akaliangalia shati la Spika, lililokuwa limelowa mgongoni na sasa limekauka, likaacha ramani nyeupe ya chumvi. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa, na safari hii hakusema alichokiona.

Barabarani lori liliunguruma, likasogea hatua chache, likazima.

— Spika, alisema Damalie taratibu. Kikombe kiko kwako.

Spika akafungua mdomo. Tangu sheria ile ipite, hakuna mtu aliyewahi kuwa na kikombe mkononi akakosa neno. Kisha akakiweka kikombe juu ya ubao, kwa uangalifu, karibu kimejaa, akasimama na kuondoka. Alitembea mpaka kwenye trela la kwanza. Kuanzia hapo walimwona anakimbia, kandambili moja mkononi.

Joan aliweka sawa roda yake mgongoni, akaaga, akashika njia ya kizuizini. Chamani alivaa kofia kama mtu anayeondoka, akaivua tena. Damalie alikichukua kile kikombe, akamwaga, akakisuuza, akakijaza upya na kukirudisha juu ya ubao pale pale. Kilo hakuwa nacho, na kilikuwa karibu na mkono wake. Kahawa ikapoa, na hakuna aliyekigusa.